Ramani ya Figo ya Kaka

Wahenga hawakuwa wakatili walipotuasa tusimpe pole mtu aliyejichoma mwiba kwa mkono wake mwenyewe. Walijua yapo maumivu ambayo pole huyatia chumvi tu. Aliyekuja kulijua hilo kwa uchungu ni mtafiti mmoja ambaye maabara nzima ilimwita Bingwa.

Jina hilo alilipata kwa picha. Kazi yake ilikuwa kuchora ramani za elementi ndani ya seli. Kipande cha nyama ya mwili, kidogo kama punje ya mchele, hukatwa tabaka mamia kwa mamia, kila tabaka hupigwa picha kwa hadubini ya elektroni, kisha kompyuta huzipanga picha hizo moja juu ya nyingine mpaka seli isimame nzima, ionekane chuma kiko wapi na zinki iko wapi. Picha yake moja ilishinda tuzo, ikatundikwa mlangoni. Kila asubuhi alipopita aliitupia jicho, kama mtu ajitazamaye kwenye kioo.

Kaka yake alikuwa akiyeyusha betri chakavu kiwandani, kazi yenye mvuke wa madini ya risasi kutwa kucha. Figo zikamuua akiwa na miaka thelathini na minane. Mwenye kiwanda, uso mkavu, akasema marehemu aliuawa na pombe. Pombe! Mtu ambaye hakuionja hata kwa ncha ya ulimi! Mama yao alitaka jambo moja tu: "Lisafisheni jina la mwanangu."

Tume ya afya kazini ikakubali kusikiliza. Ilijua Bingwa ni dada wa marehemu, lakini mwenye ujuzi ule alikuwa yeye peke yake. Hospitali ikamkabidhi kipande cha figo kilichochukuliwa kaka yake angali hai. Kilikuwa kimoja tu.

Fundi wa kukata tabaka, mama wa makamo waliyemwita Mama Wembe, alikitazama akatikisa kichwa.

"Mwanangu, hiki usikitie dawa. Dawa yetu ya kukoleza picha ina madini ya risasi, na wewe unatafuta hayo hayo."

"Bila dawa picha itapauka kama uji wa mgonjwa, Mama. Wale wa tume wataona nini?"

"Waone ukungu, lakini uwe ukungu wa kweli."

"Nitayatenga kwa hesabu. Ya dawa husambaa sawasawa. Ya kaka yatakuwa yamerundikana kwenye viini vya seli."

"Basi nimegee nusu niiweke pembeni."

"Nikimega, ramani itakuwa kilema."

"Haya, Bingwa. Mwenye macho haambiwi tazama."

Hakuna aliyemkimbiza, maana kikao kilikuwa mbali miezi miwili mizima. Ila alikwisha kuiona picha ile akilini, imewekewa fremu. Akakitosa kipande chote ndani ya dawa.

Ramani ilipokamilika, kila kiini cha seli kiliwaka nyekundu. Bingwa alilia kwa furaha, akampigia mama yake simu. "Mama, mambo yamekwisha. Vaa nguo yako nzuri."

Siku ya kikao, mtaalamu wa kiwanda alisimama. Ripoti ya Bingwa alikuwa ameisoma neno kwa neno.

"Dada yangu, kipande hiki ulikitia dawa yenye madini ya risasi?"

"Ndiyo, lakini kwa hesabu—"

"Ulikitia chote?"

"Chote."

Akaweka picha nyingine pembeni ya ile ya Bingwa. Viini viliwaka vivyo hivyo, marundo yale yale. "Hii ni figo ya panya wetu, dawa ni ile ile. Huyu panya, waheshimiwa, hajawahi kuajiriwa kiwandani."

Watu wakacheka. Mwenyekiti alisubiri kicheko kiishe, akauliza kama kuna kipande kingine. Bingwa akatikisa kichwa.

Mama yake alimvuta mkono wa nguo. "Amesemaje?"

"Amesema haiwezi kujulikana tena, Mama."

"Kwa hiyo limebaki lile lile. Mwanangu alikufa mlevi."

Akachukua mkoba wake akatoka. Mlangoni watu walimpa mama pole, hata karani wa kiwanda alimpa. Bingwa alipopita, walimpisha njia wakatazama chini.

Kesho yake Mama Wembe alimkuta mezani, mbele ya kichupa kitupu chenye jina la kaka yake kwa mwandiko wa hospitali. Wino ulikuwa bado haujafifia.

"Mama," Bingwa alisema, "hata wewe huna la kuniambia?"

Mama Wembe aliigeukia mashine yake. Akaketi, akaanza kukata figo ya mtu mwingine. Bingwa alikaa akingoja neno lile moja hadi saa za kazi zikaisha, na halikuja, kwani mwiba wa kujichoma hauambiwi pole.