Ini la Mbuzi Siku ya Kuondoa Matanga

Hapo zamani, na msinitazame hivyo, siyo zamani ya fisi kuoa. Ni zamani ya juzi tu, madaktari wakiwa wameshajua kukata kipande cha ini la mtu mzima wa afya na kumpandikizia mgonjwa. Aliishi milimani mzee mmoja, Kajiru. Mzee Kajiru akapata saratani ya ini. Mwanawe Senzia, mume wa Namkunda, naye ini lake lilikuwa limeharibiwa na homa ya ini. Baba mgonjwa, mwana mgonjwa, nyumba moja.

Wakapimwa wote. Mama, mkewe mzee, damu yake ikakataa. Namkunda, ikakataa. Iliyokubali ni ya mmoja tu, Nakijwa, dada yake Senzia. Ikakubali kwa baba, ikakubali kwa kaka. Lakini ini la mtu, jamani, hukatwa mara moja. Linalobaki humea, ila halikatwi tena.

Daktari Bahame akaipima damu ya mzee, kisha akamwita. "Mzee, damu yako imesema jambo."

Mzee Kajiru akainua mkono. "Mwambie mama yao. Habari za ndani ya mwili wangu mimi sizitaki."

Huko kwao ndivyo ilivyo. Mgonjwa hubeba ugonjwa, habari zake hubebwa na mwenzake.

Daktari akamwambia mama. "Mama, saratani huacha alama kwenye damu. Ya mzee iko juu mno. Wenye damu ya namna hii, hata tukiwawekea ini jipya, wengi inawarudia. Kijana hana saratani. Yeye lingemkaa."

"Wengi," mama akauliza, "au wote?"

"Wengi."

"Basi nimesikia." Akajifunga kanga vizuri, akatoka. Hakumwambia mtu.

Siku ya kukata, daktari akamuuliza Nakijwa, "Una swali lolote kabla hatujaanza?" Nakijwa akasema hana. Angeulizaje kama baba yake anafaa kupona? Mkubwa kwanza, ndivyo alivyolelewa. Akalala, akakatwa, kipande akapewa baba.

Mzee akainuka, akala, akatembea mpaka shambani. Senzia akavimba tumbo, macho yakawa ya njano, akafa akisubiri ini la mtu mwingine ambalo halikuja. Hadithi hii ilinichoma nilipoisikia, na inanichoma bado. Udongo wa kaburi haujakauka, mzee akaanza kukohoa. Saratani ilikuwa imerudi, safari hii imeingia mapafuni.

Sasa sikilizeni desturi ya ukoo huo. Siku ya kuondoa matanga huchinjwa mbuzi, na ini lake halichanganywi na nyama nyingine. Aliyemkosea marehemu hulikata, akamlisha mjane kwa mkono wake, watu wakiona. Mjane akimeza, yamekwisha. Asipolishwa, kinyongo hubaki nyumbani humo hadi kwa wajukuu.

Ini likawekwa kwenye sahani mbele ya Namkunda, na kisu pembeni. Siri ilikuwa imeshatoka, maana daktari alikuja kutoa pole akashindwa kunyamaza.

Namkunda akasema, "Nitakula kwa mkono wa mmoja tu. Aje."

Mama akasema, "Mimi nilisikia, nikanyamaza. Lakini damu haikuapa, mwanangu. Ilisema wengi. Ningemzika mume wangu kwa neno hilo moja?"

"Ukamzika wangu," Namkunda akajibu.

Daktari akasema, "Mimi nilisema na yule niliyeruhusiwa kusema naye. Siri ya mgonjwa si yangu."

"Siri si yako, lakini aliyekata ni wewe."

Nakijwa akainua blauzi, kovu likaonekana, refu, jekundu bado. "Mimi nimetoa mwili wangu, wifi. Kosa langu lipi?"

"Uliulizwa kama una swali."

Ndipo Mzee Kajiru, aliyeketi ukutani amefunikwa blanketi, akanyoosha mkono uliobaki mifupa. "Nileteeni hicho kisu. Ini la kumponya mwanangu ninalo mimi tumboni, na linakufa na mimi."

Namkunda akatikisa kichwa. Machozi yalikuwa yanamtoka, lakini sauti haikutetereka. "Hapana, baba. Wewe unaondoka. Ukinilisha wewe, utaondoka na kosa lote, na hawa watatu watalala usingizi."

Ini likapoa, mafuta yakaganda juu yake, nzi wakaja. Hakuna aliyewafukuza.

Haya, nyie mnaotikisa vichwa tangu nianze, hodari wa kuhukumu nyumba za watu. Namkunda bado ameketi pale, hajala. Kisu bado kiko pembeni ya sahani. Je, nani akishike?