Seva Ambayo Haikuwahi Kuzimwa

Ndugu zangu mlioketi karibu na mlango ili mtoke haraka, sogeeni mbele. Leo nina kisa cha vifaranga, na nikimaliza nina swali.

Kulikuwa na mama mmoja mwenye kituo cha kutotolesha vifaranga. Wateja waliagiza kwenye tovuti yake: unafungua simu, unachagua, kesho yake boksi lako linakusubiri stendi, linalia chwi-chwi-chwi. Tovuti yenyewe ilikaa kwenye kompyuta moja, waliiita seva, na seva ilikuwa na fundi wake. Na fundi huyo, jamani, alikuwa na jambo moja la kujisifia hapa duniani: seva yake haikuwahi kuzimwa! Umeme ukikatika, betri inashika. Juu yake alibandika karatasi: MARUFUKU KUZIMA. Wageni wakija aliwaonyesha kama mtu anavyoonyesha mtoto aliyeongoza darasa.

Asubuhi moja vifaranga wameanguliwa, ukumbi mzima unalia, na hakuna oda hata moja. Kifaranga si mchele, kwamba utamweka kabatini! Asipoondoka kwenda kwa mfugaji, unachimba shimo. Mara simu ikalia, mteja wa siku zote.

"Shikamoo mama. Hivi wizi mmeanza lini?"

"Marahaba. Wizi gani tena, mwanangu?"

"Nikifungua tovuti yenu simu inanipigia kelele: si salama, rudi ulikotoka! Basi nimerudi." Akakata.

Mama mbio kwa fundi. Fundi akapangusa vumbi. Akachomoa nyaya, akazichomeka. Akawalaumu panya. Mwishowe akaona tatizo liko kwenye cheti. Maana simu yako, kabla ya kuingia kwenye tovuti, huiambia: nionyeshe cheti chako nijue wewe ni nani. Na cheti hicho kina tarehe ya kuisha, kama leseni ya dereva. Fundi akachungulia ndani ya seva, akacheka kwa sauti.

"Mama, cheti kipya hiki hapa, kimeshaingia chenyewe! Sisi tuko sawa. Ni saa za simu za wateja ndizo zimekosea tarehe."

Akampigia yule mteja kumweleza.

"Kwa hiyo saa yangu mbovu?"

"Mbovu, kaka."

"Na ya mke wangu? Na ya jirani? Mkoa mzima saa mbovu, nzima ni yako tu?"

Fundi akakata simu. Akampigia fundi mwenzake waliyesoma naye.

"Cheti kipya kipo?" mwenzake akauliza.

"Kipo."

"Na kilipoingia, uliiwasha seva upya?"

"Ya nini?"

"We bwana! Hiyo seva yako husoma cheti inapowashwa tu. Ilisoma kile cha zamani, na mpaka leo ndicho inachowaonyesha watu. Kipya kiko tumboni mwake, haijakitazama. Izime, uiwashe."

"Niizime? Hii? Unajua ina muda gani haijazimwa?"

"Ndiyo ugonjwa wenyewe huo."

Fundi akabaki anaitazama ile karatasi yake. Mama akaingia na boksi, akalitua mapajani mwake.

"Nini tena hiki, mama?"

"Watoto wako. Kama huzimi, walee. Wanataka joto usiku kucha."

Fundi akabandua karatasi. Akafumba macho. Akabonyeza. Taa zote za seva zikafa... kisha moja ikapepesa, nyingine, zote. Oda zikaanza kumiminika! Mpaka jioni maboksi yote yameondoka, amebaki kifaranga mmoja tu, amelala mfukoni mwa shati la fundi.

Sasa swali langu. Nani hapa hajawahi kukosa ibada? Nyosheni mikono. Juu, msione haya! Mzee wa kanisa, nakuona. Asanteni. Msishushe kwanza.

Nyinyi ndio seva.

Mnacheka? Na mimi nimenyosha! Ndugu zangu, msamaha tumeshaletewa. Umo ndani yetu, tunausoma, tunauimba, kwaya inaurudia mpaka madirisha yanatetemeka. Lakini jirani akibisha hodi, tunamwonyesha nini? Ule ule uso wa mwaka mbuzi wake alipokula mahindi yetu! Anageuka, anarudi alikotoka. Na sisi tunasema yeye ndiye saa yake mbovu.

Tunajivunia kwamba hatujawahi kusimama. Je, ni lini tulisimama tukasema, Bwana, nimekosa, nianze upya? Tunaogopa nini? Kwamba taa zikizima kidogo watu watatuona?

Mungu hajachelewa kuleta. Kipya kipo.

Kwaya, msianze bado. Hebu tunyamaze kidogo, kila mtu na karatasi yake aliyoibandika. Na wewe mgeni unayepita hapo nje ukasikia kanisa limekuwa kimya ghafla, usiondoke. Tunawashwa upya.