Kindi na Kuni za Uzazi

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na nyumba, wake na wakwe wa kuwaogopa, palikuwa na Kindi mmoja mdogo wa mwili, lakini mdomo wake haukutosha mlangoni. Ninyi wanangu mnaujua mkia wake tu. Leo nawapa habari za uso wake, siku ulipokosa pa kujificha.

Kindi alioa. Mkewe aliitwa Chausiku, Kindi mwenzake kutoka bonde la pili, mpole na mchapakazi. Siku ya arusi, wajomba wa bibi arusi walimtazama bwana arusi kutoka juu hadi chini. Safari ya macho yao ilikuwa fupi, wakaanza kucheka.

"Huyu ndiye atakayempasulia binti yetu kuni za uzazi?" akauliza mmoja. "Kwa shoka au kwa meno?"

"Kwi kwi kwi!" wakaangua kicheko wote.

Katika nchi ile, mke akikaribia kujifungua, mume hupasua kuni akazipanga mlangoni, ili mzazi apate maji ya moto ya kuoga na uji wa moto wa kunywa. Asiyeweza peke yake hupiga mbiu, na majirani huja na mashoka yao. Kuni za uzazi hanyimwi mtu, wala kuziomba haikuwa aibu hata kidogo.

Lakini kicheko kile kilimchoma Kindi. Akaruka juu ya kinu, akasema mbele ya wajomba na mbele ya mama mkwe wake, "Nitapasua peke yangu! Tena si matawi. Nitapasua gogo zima la mti mkubwa!"

Haya, umeshasema. Maji yakimwagika hayazoleki.

Masika ikaja, na Chausiku akawa mja mzito. Siku moja upepo ulivuma, na nyuma ya nyumba yao mkwaju mkubwa ukang'oka. Kriiii! Buuum! Gogo lilikuwa nene hata ukisimama upande huu humwoni aliye upande ule. Na mkwaju ni mti mgumu, muulizeni fundi yeyote.

Kindi akachukua shoka. Ko! Shoka likarudi. Ko! Likarudi tena, karibu limpige usoni. Akahangaika mpaka jua likawa utosini, akapata vibanzi vya kuchemshia yai moja.

Chausiku akatoka, mkono kiunoni. "Mume wangu, piga mbiu. Majirani wapo."

"Nipige mbiu? Wajomba zako wanione?"

"Wajomba hawatanikanda mwili kwa maji ya moto. Mimi nataka kuni tu."

"Utazipata," akasema Kindi. Akakaa juu ya gogo, akatikisa mkia na kufikiri. Nguvu hakuwa nazo, lakini hila zilimjaa.

Kesho yake akaenda kwa Nyati.

"Hodi!"

"Karibu, Kindi. Mbona umekunja uso?"

"Kaka Nyati, nimesikia neno. Ila bora nisiliseme."

"Sema."

"Utaudhika."

"Nimeshaanza kuudhika! Sema!"

"Kifaru anakusema vibaya. Ati mkeo alipojifungua, kuni hukupasua wewe. Ati gogo lililiwa na mchwa likaanguka lenyewe, wewe kazi yako ikawa kuokota."

"Mimi!" Nyati akapiga kwato chini, tifu! tifu! "Naenda kwake sasa hivi!"

"Polepole, kaka. Ukienda kugombana watasema umechomwa na ukweli. Nyuma ya kwangu kuna gogo la mkwaju. Njoo alfajiri, ukungu haujaondoka, ulipasue. Mimi nitakuwa shahidi wako, niwaambie watu nilichokiona. Wewe usiseme neno, usije ukaonekana unajisifu."

Wenye nguvu, wanangu, hawaogopi simba. Wanaogopa kusemwa. Alfajiri Nyati akaja na shoka lake, akapiga bila kupumzika. Pwaa! Pwaa! Pwaa! Jua lilipochomoza nusu ya gogo ilikuwa chini, kuni nyeupe zimetawanyika uwanjani.

"Utawaambia?" akauliza, jasho likimtiririka.

"Kila mmoja," akasema Kindi.

Kisha huyo kwa Mzee Kifaru. Mzee huyu macho yake hayaoni mbali, na jambo hilo lilimuuma sana, ingawa hakuna aliyelitaja mbele yake.

"Mzee wangu, shikamoo. Nimekuja na neno baya."

"Marahaba. Liseme."

"Nyati anawaambia watu kwamba wewe hujui mti wala kichuguu. Ati siku ya kumpasulia mkeo kuni, ulikishindilia kichuguu pembe mpaka jua likachwa."

Kifaru hakupiga kelele. Aliinamisha kichwa, kwa sababu kichuguu aliwahi kukipiga kweli, zamani, na alidhani hakuna aliyemwona.

"Amesema mbele ya nani?" akauliza taratibu.

"Mbele ya watu."

"Na watoto walikuwapo?"

Hapo Kindi alisikia kitu kikimchoma moyoni. Angesema, "Nakutania, mzee wangu," mambo yangeishia hapo. Hakusema. Akamwambia habari za gogo, na ushahidi, na kunyamaza.

Kifaru akaja jua kali, kila mtu yumo ndani amejilaza. Hakuhitaji shoka. Pembe aliichomeka kwenye ufa, akasukuma, nalo gogo likalia kraaa! na kuachana. Alipapasa kila kipande kwa pua, ahakikishe ni mti. Kindi aliangalia pembeni.

Kuni zikapangwa zikafika kwenye upenu. Kikabaki kipande kimoja tu, fundo la shinani, mafundo juu ya mafundo. Nyati alilikwepa, na Kifaru hakuliona.

Wapita njia wakasimama. "Lo! Kindi, wewe ndiye uliyepasua hizi?"

"Aa, kazi ndogo tu," akasema Kindi, akijipangusa paji la uso lililokuwa kavu.

Jioni Chausiku alimshika mkono akaugeuza. "Mbona hauna malengelenge?"

"Ngozi yangu ngumu."

Chausiku akauachia ule mkono.

Lakini kule kisimani mambo yaliharibika. Nyati na Kifaru, waliokuwa wakiteka maji pamoja toka ujana wao, sasa walipishana kama hawajuani. Nyati alingoja Kifaru aombe radhi, na Kifaru alingoja hivyo hivyo. Wake zao wakaacha kuazimana chumvi. Kindi akiwaona hupita njia ya mbali, akijipa moyo kwamba mtoto akizaliwa yote yatasahaulika.

Uchungu ulimshika Chausiku asubuhi moja ya mvua na baridi. Mkunga alikuwa Bi Kobe, na kwa kuwa mwendo wake wote mnaujua, alikuwa ameshaitwa mapema na kulala pale pale. Mama mkwe alifika na wajomba. Majirani wakajaa uwanjani chini ya upenu, Nyati upande huu na Kifaru upande ule.

Bi Kobe akatoa kichwa mlangoni. "Maji ya moto! Baba wa mtoto apasue ukuni wa kwanza!"

Ndiyo mila yenyewe. Moto wa uzazi huwashwa kwa ukuni uliopasuliwa wakati ule ule, mke akiwa ndani na mume nje mbele ya wakwe. Zile kuni nyingine hufuata baadaye.

Kindi akaparamia rundo, akachomoa kijiti chembamba juu kabisa. "Hiki kinatosha!"

"Hicho kimeshapasuliwa," akasema Bi Kobe.

Mama mkwe alikuwa amejifunika mtandio, maana mkwe hamtazami mkwe usoni. Akamwambia jirani kwa fahari, sauti yake ikisikika uwanja mzima, "Mwambieni mkwe wangu asijidhili na vijiti. Kwa aliyepasua gogo zima la mkwaju peke yake, lile fundo pale ni la kuchezea. Apasue lile, ndugu zangu waone!"

Wajomba wakatikisa vichwa kwa heshima. Walikuwa wameukana ule utani wao wa arusini, na sasa walimtazama Kindi kwa adabu.

Akainua shoka. Ko! Likateleza. Akainua tena, akajitupa na shoka lenyewe. Tii! Likanasa kwenye fundo, na Kindi akabaki ananing'inia kwenye mpini, miguu haifiki chini, huku mkia ukimpiga usoni.

Hakuna aliyecheka. Heri wangecheka! Ikasikika mvua tu juu ya paa.

"Shoka halina makali," akasema akiwa anabembea. "Na leo mkono wangu..."

Ndani Chausiku akalia, "Mama! Maji! Nakufa na baridi!"

Bi Kobe akatokea tena. "Baba wa mtoto, unangoja nini? Kichwa cha mtoto kinakuja, na chungu ni cha baridi!"

Mama mkwe akageuza mgongo taratibu, asimwone mkwewe katika hali ile. Kindi aliuona ule mgongo, akatamani ardhi ipasuke. Akaachia mpini, akaanguka matopeni. Pu!

"Siwezi," akasema.

"Umesemaje?" akauliza mjomba mmoja.

"Siwezi! Sikupasua mimi! Kuni hizi zote, sikupasua hata moja! Kapasua Nyati, akamalizia Mzee Kifaru. Niliwadanganya. Kifaru hakumsema Nyati. Nyati hakumsema Kifaru. Maneno yote niliyatunga mimi, kwa kuwa nilijisifu na nikaona haya kuomba. Nawaombeni, mke wangu ataumia, nisaidieni!"

Nyati akamtazama Kifaru. "Kumbe hukusema yale ya mchwa?"

"Mchwa gani?" akasema Kifaru. "Na wewe, kile kichuguu?"

"Kichuguu gani, ndugu yangu?"

Wakainamisha vichwa wote wawili. Walikuwa wamekula pamoja miaka na miaka, na hakuna aliyethubutu kumwendea mwenzake na kumuuliza. Kisha Nyati akapiga kwato, macho mekundu, akamwendea Kindi pale matopeni.

"Nitamponda!"

"Mponde baadaye," akasema Kifaru. "Mzazi kwanza. Nielekeze fundo liko wapi, sioni."

Alisema hivyo mbele ya watu wote, na watoto wakiwapo. "Sioni," akasema, wala hakuna kilichomtokea. Nyati akamshika bega, akampeleka. Mmoja akachomeka pembe, mwingine akapiga shoka. Kraaa! Pwaa! Fundo likaachana vipande viwili, moto ukawaka, maji yakachemka, mama mkwe akayaingiza ndani.

Haukupita muda, ndani kukasikika, "Nyeee! Nyeee!"

Mila nyingine ni hii: aliyepasua ukuni wa kwanza ndiye humpokea mtoto mlangoni. Mama mkwe akatoka na kichanga ndani ya kitambaa. Kindi alikuwa amesimama karibu, tope hadi masikioni, mikono ameikunjua bila kujua. Bibi yake mtoto akapita mbele yake. Akampa Nyati, na Nyati akampakata, kisha akampa Kifaru, na Kifaru akamsogeza karibu sana na macho yake ili amwone.

"Mzuri," akasema Kifaru.

Kindi akashusha mikono. Alilia, na hakujali tena nani anamwona.

Mama mkwe akasema kumwambia jirani, kwa sauti ya chini lakini ikafika, "Mwambieni mkwe wangu, angepiga mbiu moja tu, tungekuja wote. Hata ndugu zangu hawa walikuwa na mashoka, wakingoja kuitwa."

Mwishowe Kifaru akageuka. "Haya, shika mwanao."

Kindi akampokea. Mtoto akafumbua macho, akamtazama babaye, na babaye akashindwa kumtazama.

Hadithi yangu imefika uwanjani kwenu, mwenye kuogopa kuomba aiokote: mficha uchi hazai.