Sista Ati na Kituo Namba Tano

Hii sikuletewa na mtu. Nilikuwepo mwenyewe, na mpaka leo nikiikumbuka viganja vinanitoka jasho. Isome hadi mwisho kabla hujampelekea mwenzio, maana uzito wake uko huko mwishoni.

Tulikuwa wanafunzi thelathini na mmoja katika chuo kimoja cha uuguzi, mwaka wa tatu, tumebakiza mtihani wa vitendo tu ili tupate leseni. Mtihani huo hauandikwi. Unaingia chumbani, unakuta kitanda, trei ya vifaa na mtahini mwenye karatasi, unafanya kazi ya muuguzi huku yeye anakutazama bila kusema neno. Kila chumba kinaitwa kituo. Kengele ikilia unaanza, dakika kumi zikiisha inalia tena, unatoka, uwe umemaliza au hujamaliza.

Kituo tulichokiogopa kilikuwa namba tano, kuchoma sindano. Kilikuwa na hatua kumi na nane. Ukianguka hicho umeanguka mtihani mzima, hata kama vingine vyote umepata mia.

Miezi minne tulifanya mazoezi kwa mwanasesere mkubwa wa plastiki aliyelazwa kitandani. Tulimwita Mama Tulia, maana umchome, umgeuze, umwangushe, yeye katulia. Hatua ya nne kwenye orodha iliandikwa hivi: "Muulize mgonjwa kama ana mzio wa dawa yoyote." Yaani kama kuna dawa inayomdhuru. Mama Tulia hawezi kujibu, basi tukawa tunamjibia wenyewe.

Kinara wetu alikuwa Subilaga, binti wa Tukuyu, wa kwanza darasani tangu muhula wa kwanza. Yeye ndiye aliyetufundisha kuokoa muda.

"Hatua ya nne msikae nayo," alituambia. "Unavuta pumzi moja, unasema mama-una-mzio-wa-dawa-yoyote-asante-mama. Huku mkono unachanganya dawa."

Tukaikariri kama wimbo wa mchakamchaka. Nilifika mahali naisema hata nikiwa bafuni.

Aliyeshindwa kuimba nasi alikuwa mmoja tu, Mwanaidi Shekiondo, mtu wa Lushoto. Utotoni aliugua masikio, la kushoto likafa kabisa, la kulia likabaki nusu. Ukimwambia kitu anakuinamia, anakusogezea sikio la kulia, na kama hajakupata anasema, "Ati?" Basi akawa Sista Ati. Jina hilo nilimpa mimi, na siliandiki hapa kwa kujisifu.

Kilichotuvunja mbavu ni kwamba hata kwa Mama Tulia alifanya vilevile. Anauliza, anaweka trei chini, anainama, anasubiri. Anamsubiri mwanasesere wa plastiki.

"Mwanaidi, kakujibu?" Subilaga alimuuliza siku moja.

"Bado."

"Basi akikujibu utuambie. Sisi tunakwenda kula."

Mwanaidi alicheka pamoja nasi. Kisha akasema, "Nikizoea kutosubiri hapa, nitasubiri vipi wodini? Sikio langu mimi halina haraka, dada."

Lakini dakika kumi hazikuwahi kumtosha, hata siku moja.

Wiki tatu kabla ya mtihani, mkuu wa chuo, Madam Nzowa, alimwita ofisini. Mlango ulikuwa wazi, na sisi tuliokuwa kwenye foleni ya kuchukua namba za mtihani tulisikia yote.

"Mwanaidi, nakuonea huruma, lakini huruma haitibu mtu," Madam alisema. "Siku mgonjwa akikwambia anakufa, utamjibu nini? Ati?"

Kwenye foleni mtu akacheka. Nadhani ni mimi.

"Madam, naomba nafasi moja tu. Nimesoma miaka mitatu."

"Nakupa hiyo moja. Utaingia wa mwisho, usije ukawachelewesha wenzako. Ukianguka, fomu ya marudio sitaisaini. Utarudi kwenu ukatafute kazi nyingine."

Alitoka macho mekundu, akatupita pale kwenye foleni bila kutuangalia, akaenda moja kwa moja chumba cha mazoezi kwa Mama Tulia wake.

Siku ikafika. Tulifungiwa ukumbini tangu saa moja na nusu asubuhi, tukawa tunaitwa mmoja mmoja. Ukimaliza unapelekwa chumba cha upande wa pili, ili usionane na ambaye hajaingia. Subilaga alikuwa wa kwanza. Mimi nilikuwa wa kumi na mbili.

Nilipoingia kituo namba tano, Mama Tulia hayupo. Kitandani kalala mama wa kweli, mtu mzima, kajifunika khanga ya kijani. Kwenye paja amefungwa kipande kinene cha godoro, hapo ndipo pa kuchoma. Kichupa kwenye trei kimebandikwa karatasi iliyoandikwa "Penisilini", ingawa mle ndani ni maji matupu. Pembeni ameketi mtahini mkuu, Mzee Luhende, kimya kama ukuta.

Moyo ulinipiga paa. Kisha nikajiambia, hatua ni zilezile. Nikasalimia, nikanawa mikono, nikauliza kwa pumzi moja, nikachanganya, nikavuta, nikachoma. Dakika nane na nusu. Nikatoka kifua mbele.

Mwanaidi aliingia saa saba mchana. Kengele ikalia, baada ya dakika kumi ikalia tena, naye akatoka analia.

"Sikuchoma," alisema. "Muda umeisha, sijachoma."

Tukampa pole. Nilimwonea huruma kweli, ila chini ya ile huruma kulikuwa na kasauti kanasema, si tulijua? Subilaga akamshika bega, akasogea upande wa sikio la kulia, akamwambia, "Kazi nzuri ziko nyingi, Mwanaidi."

Saa tisa tukaitwa sote ukumbini. Madam Nzowa alikaa mbele kwenye kiti, ametabasamu. Mzee Luhende akasimama, akavua miwani, akaishika mkononi.

"Leo katika kituo namba tano," akasema, "mgonjwa ameuawa mara thelathini."

Tukadhani tumesikia vibaya.

"Naomba mtu mmoja aniambie," akaendelea, "mgonjwa alijibu nini mlipomuuliza habari ya mzio?"

Subilaga akanyoosha mkono, kwa sababu yeye siku zote huwa anajua. "Alisema hana."

"Ulimsikia akisema hana?"

Subilaga akaushusha mkono.

Mimi nilikuwa naitafuta kichwani sauti ya yule mama. Niliikumbuka rangi ya khanga yake. Nilikumbuka fundo la kamba iliyofunga lile godoro. Sauti yake sikuipata. Hata shikamoo yangu, sikukumbuka kama aliiitikia. Nikashika kiti cha mbele yangu. Orodha ilisema "muulize mgonjwa", nasi kwa miezi minne yote hatukufikiri hata mara moja kwamba mtu akiulizwa hujibu.

Mlango wa pembeni ukafunguliwa, akaingia yule mama na khanga yake ya kijani. Mzee Luhende akampa kiti, akakataa, akazungumza amesimama. Sauti ilikuwa imemkauka.

"Wanangu, niliagizwa nijibu neno moja tu," alisema. "Ukiniuliza dawa gani inanidhuru, nijibu, 'Ndiyo mwanangu, penisilini nusura iniue.' Wa kwanza nilimjibu hivyo. Akaniambia asante mama, akanichoma. Nikadhani nimesema taratibu mno. Wa pili nikaongeza sauti. Asante mama, akanichoma. Wa kumi nilipaza sauti mpaka mzee huyu akaniashiria niishushe. Kuna mmoja nilimshika mkono kabisa. Akautoa mkono wangu polepole, akanipapasa bega, akanitandikia shuka vizuri, akanichoma."

Huyo wa kushikwa mkono ni mimi.

Nilikuwa naukumbuka ule mkono. Nilidhani anaogopa sindano, na moyoni nilifurahi, maana hatua ya kumi na moja inasema "Mtulize mgonjwa." Nilijihesabia hiyo alama. Mama wa watu alikuwa ananiomba nisimuue, nami nikamtuliza ili nimuue vizuri. Sijawahi kuona aibu ya namna ile, wala siombi kuiona tena.

"Walipofika ishirini na kitu," mama akaendelea, "nilikuwa nimekata tamaa. Nikawa nalijibu dari. Huyu wa mwisho alipokuja sauti sina. Nilinong'ona tu."

Akageuza macho akitafuta, kisha akanyoosha kidole kwenye kiti cha nyuma kabisa, karibu na mlango. Mwanaidi alikuwa amekaa hapo, begi amelipakata, tayari kwa safari ya Lushoto.

"Yule. Aliweka trei chini, akazunguka kitanda, akaniinamia, akasema, 'Ati?' Nikarudia. Akasema, 'Samahani mama, sikio langu bovu, niambie tena.' Nikamwambia mara ya tatu. Akaichukua ile sindano akaiweka mbali nami. Akamwambia mzee, 'Sichomi. Naomba daktari aitwe, abadilishe dawa.' Daktari hakuja, tukabaki tunatazamana mpaka kengele ikalia."

"Na hilo ndilo lilikuwa jibu la kituo namba tano," akasema Mzee Luhende. "Halikuwepo jingine. Mmekuja thelathini na mmoja, anayeondoka na leseni ni mmoja."

Tukageuka wote kumtazama Mwanaidi. Yeye alikuwa ametulia tu, anaangalia midomo yetu. Alikuwa mbali, hakusikia hata neno. Binti aliyekaa jirani naye akamgusa, na Mwanaidi akamsogezea sikio la kulia.

"Ati?" akasema.

Ukumbi mzima hakuna aliyecheka.

Madam Nzowa alikuwa anaitazama mikono yake. Wiki tatu nyuma alisema, siku mgonjwa atakapomwambia anakufa, Mwanaidi atamjibu "Ati?" Na kweli, mgonjwa alimwambia, naye akajibu hivyohivyo. Sisi wenye masikio mawili mawili tulimjibu asante mama.

Sisi thelathini tulirudia mtihani baada ya miezi sita. Aliyeletwa kutufundisha hatua ya nne alikuwa Sista Mwanaidi, leseni kifuani. Alituweka mbele ya Mama Tulia, mmoja mmoja, na somo lake lilikuwa fupi.

"Uliza," alisema. "Halafu weka trei chini."

Funzo: Kuuliza si kusikiliza. Anayekwambia "rudia, sijakusikia" usimcheke, kwa maana anataka kukusikia. Mwogope yule anayekushukuru kabla hujamjibu, na chunga usije ukawa wewe.