Wa Mwisho Aondoke

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado wanavaa sare na kuogopa kengele, palikuwa na shule moja ya wote, Shule ya Msingi Kichakani. Mtoto yeyote aliingia bila kuulizwa kama ana pembe au hana. Ubaya wake ulikuwa mmoja tu: paa lilivuja. Mvua ikinyesha, darasa la kwanza lilisoma limejifunika majani ya mgomba, na waliofurahi ni vyura peke yao.

Basi, siku moja akaja Bwana Kiboko, mwenye kampuni ya kuuza tope la kujipaka. Alifuatana na wabia wake wawili, Nyati na Fisi. Alimwambia mwalimu mkuu, Mzee Kobe, kwamba kampuni itaezeka madarasa yote matatu kwa nyasi mpya, ila kwa sharti moja: shule iendeshwe kama kampuni. Mzee Kobe akatazama juu. Tone likamwangukia puani, pwa! Akakubali.

Kesho yake mambo yakageuka. Watoto wakaambiwa wao si wanafunzi tena, ni wateja. Baada ya siku tatu wakaambiwa si wateja, ni wafanyakazi. Wimbo wa shule ukafutwa, na kila asubuhi wakawa wanapaza sauti mstarini: "Kasi! Tija! Tabasamu!" Mtoto wa Ngiri alipouliza tija ni nini, aliandikiwa onyo la kukosa tabasamu. Na paa je? Paa, alisema Kiboko, limo kwenye mpango.

Lakini kilichouma zaidi ni kanuni iliyobandikwa mlangoni: Kila Ijumaa, wa mwisho aondoke.

Ijumaa ya kwanza aliondolewa Telezi, binti wa Konokono. Telezi alisoma vizuri sana, ila alifika ukurasa wa pili wakati wenzake wameshamaliza kitabu. Akapewa mkoba wake, akafunguliwa mlango. Ilimchukua asubuhi nzima kufika getini, analia njia nzima, na darasa zima linamtazama dirishani.

Mwalimu wake aliitwa Mwalimu Digidigi, kamwili kadogo, miguu kama njiti za kiberiti. Alimsindikiza Telezi hatua kwa hatua mpaka nje, akamwambia asiyatupe madaftari yake. Kisha akajifuta macho, akaenda moja kwa moja kwa Kiboko.

"Shikamoo, Mheshimiwa. Nimekuja kukupongeza kwa ile kanuni."

"Marahaba, Mwalimu," akasema Kiboko. "Nilijua wewe una akili."

"Tatizo ni wazazi. Wanasema wakubwa wenyewe hawaiwezi. Mimi nimewabishia. Nimewaambia Ijumaa ijayo mtaifuata ninyi watatu, mbele yao. Sijui tu niwapime kwa kazi gani. Labda kusoma?"

Kiboko akakohoa. Hakujua kusoma, hata ile kanuni ya mlangoni aliandikiwa. "Kusoma hapana. Tafuta kazi ya nguvu."

"Ya nguvu," alisema Digidigi, akikuna sikio kama mtu anayetafuta neno. "Basi pengine paa."

Ijumaa wazazi walijaa uwanjani. Madarasa yalikuwa matatu na wakubwa watatu, kila mmoja la kwake. Nyati akapanda na mzigo wa nyasi kwenye pembe zake, puu, puu, akapigilia kwa kichwa. Fisi aliezeka huku anacheka. Kiboko naye alivunja ngazi mbili, kwaa, kwaa, na balaa lake lingine lilikuwa kwamba nyasi zile zilikuwa tamu. Kila akiezeka fungu moja, alimeza mawili.

Jioni madarasa yote yalikuwa yameezekwa. Nyati alikuwa wa kwanza, Fisi wa pili. Kiboko alishuka wa mwisho, mashavu yamejaa.

Wa kwanza kusema hakuwa Mwalimu Digidigi. Aliyesema ni Fisi, ambaye alikuwa amekitamani kiti cha Kiboko cha uenyekiti wa kampuni tangu zamani.

"Kanuni ni kanuni, Mwenyekiti."

Kiboko akataka kubisha, lakini mwenye nyasi mdomoni habishi. Akaondoka.

Ijumaa iliyofuata walibaki wawili. Mwalimu Digidigi alipendekeza, kwa heshima zote, wapimwe kwa tabasamu. Nyati hakuwa ametabasamu tangu azaliwe. Alijaribu, na watoto wa darasa la kwanza wakakimbilia chini ya madawati. Nyati naye akaondoka.

Ijumaa ya nne Fisi alisimama peke yake mbele ya mstari, akahutubia kwa muda mrefu kuhusu ushindi. Alipomaliza, Mwalimu Digidigi akanyoosha mkono.

"Mheshimiwa, katika wakubwa wa kampuni, wiki hii wa kwanza ni nani?"

"Ni mimi."

"Hongera sana. Na wa mwisho?"

Fisi akatazama kushoto. Akatazama kulia. Akachungulia nyuma ya mlango. Akajihesabu, akapata mmoja. Akajihesabu tena kuanzia mkiani, akapata yuleyule. Wazazi wote walikuwa wanamwangalia, na kanuni ilikuwa palepale mlangoni, kwa herufi kubwa.

Basi akajipa mkono mwenyewe, akajishukuru kwa utumishi wake, akachukua mkoba na kuondoka.

Mzee Kobe akaibandua ile karatasi, na watoto wakaitwa wanafunzi tena. Telezi alitumiwa ujumbe Jumatatu arudi. Aliingia darasani Jumatano mchana, akaketi chini ya paa kavu, na hakuna aliyemuuliza kwa nini amechelewa.

Nanyi wanangu, mkisikia mtu anataka kumtupa nje wa mwisho, kumbukeni: foleni haikosi mkia, na mkia una zamu.