Gari la Kumbeba Fundi Paa

Wapendwa, kaeni vizuri, maana leo nimepanda hapa mimbarani nina hasira kidogo.

Kulikuwa na mtaa mmoja wenye kijiwe cha kuoshea magari. Kila Jumamosi asubuhi wanaume watatu walikutana pale, wanafungua boneti na ubishi unaanza. Wa kwanza alikuwa na gari la juu, la kupanda milima. Wa pili alikuwa na gari dogo, akijisifu kwamba likinusa mafuta tu linafika mjini. Wa tatu alikuwa na gari refu ambalo siti zake bado zina nailoni. Alikuwa nalo mwaka wa pili huo, na nailoni hajaitoa, eti siku ya kuliuza lisishuke bei. Mnacheka? Wengine humu nailoni zenu nimezikalia!

Sasa Jumamosi moja, fundi aliyekuwa akiezeka nyumba ya jirani aliteleza akaanguka. Mguu ukavunjika, damu inamwagika. Mke wake akakimbilia kijiweni.

"Baba zangu, nisaidieni! Mume wangu anakufa, tumpeleke hospitali!"

Je, walikataa? Hawakukataa, ndugu zangu. Walisimama wote watatu.

"Apande ya kwangu," akasema wa kwanza. "Iko juu, mashimo haiyasikii."

"Juu hivyo, mtu wa mguu mmoja ataipandaje?" akasema mwenye gari dogo. "Halafu shokapu zako ngumu. Siti za kwangu zinalala."

"Zinalala, na mguu utokee dirishani?" akasema wa tatu. "Yangu ndiyo ina nafasi. Na damu kwenye nailoni inafutika."

Wakaanza kupima siti kwa mikono. Wakainama kuangalia shokapu. Mwishowe, kwa mara ya kwanza tangu kijiwe kile kianze, wakakubaliana: gari la nailoni. Wakageuka kumwambia yule mama. Hayupo. Nyumbani kwa jirani, fundi naye hayupo.

Wakawasha gari, wakawakuta njiani. Fundi amelazwa juu ya magunia kwenye mkokoteni wa muuza maji, muuza maji anavuta, mke anasukuma, miguu pekupeku.

"Mama, simama! Tumeshapata gari inayomfaa!"

Yule mama hakusimama wala hakugeuka.

"Tumeshapanda," akasema. "Nyie rudini mkafunge boneti."

Wapendwa, kamati yetu ya kuninunulia gari mimi mchungaji wenu imekaa mara nne. Nimesikia habari za milango minne au miwili, rangi nyeupe au ya fedha, lipi linalingana na heshima ya usharika. Na Alhamisi, kikao cha nne kikiendelea, Bibi Naetwe alipita hapo nje akienda kituo cha afya, amefungwa kwa kanga nyuma ya baiskeli ya mkwe wake. Nani kati yetu alitoka? Hata mimi sikutoka. Nilikuwa nasikiliza habari za rangi, na naona aibu.

Basi nunueni mnalotaka. Ufunguo wake siupokei. Utaning'inia pale mlangoni, kwenye msumari wa kalenda, auchukue yeyote mwenye mgonjwa. Asiyekubali anifuate baada ya ibada tubishane. Atanikuta njiani, nakwenda kwa miguu kumwona Bibi Naetwe.