Togwa ya Leonsia

Mwanamke mmoja, jina lake Leonsia, alikuwa na baba ambaye hakumaliza tena kikombe cha togwa tangu siku alipofiwa na mkewe. Leonsia alimchukua baba huyo akae naye kwa mumewe. Mzee hakuwa mgonjwa. Alikula kidogo, aliitikia salamu, alimpakata mjukuu. Lakini zamani, mama alipokuwa hai, kila alasiri mzee alikunywa kata nzima ya togwa, akapangusa midomo kwa kiganja, na nyumba yote ikajua kuwa baba ameridhika. Leonsia alitamani jambo hilo moja tu: amwone tena baba yake akimaliza.

Kwa hiyo alimkorogea togwa kila siku. Ilikuwa ya unga wa pakiti, ambao watu wengine wameshausaga, wameutia sukari na kuufunga. Kazi yake ilikuwa kumimina maji ya moto na kukoroga. Baba alipiga mafunda mawili, akasema, "Ahsante, mwanangu," akakiweka kikombe chini. Alisubiri binti yake aingie ndani, ndipo akamwaga iliyobaki taratibu kwenye shina la mpera. Leonsia alimwona dirishani. Hakumwambia kitu, kwa sababu alijua kwamba baba anamficha ili asimvunje moyo.

Siku moja, akifua nepi za mtoto, alisikia harufu ya gunia lililolowa mvua, na machozi yakamtoka kabla hajajua yametoka wapi. Nyuma ya mlango wa mama yake palikuwa na gunia la namna hiyo siku zote, na ndani yake ulezi wa togwa ukichipua. Alikuwa akilipita kila asubuhi akienda shule. Hakuwahi kulifunua. Hakuwahi kuuliza. Alidhani mama atakuwepo.

Akaenda sokoni akanunua ulezi mzima. Akauloweka usiku kucha, akauchuja, akaufunika kwa gunia bichi. Siku ya kwanza hakuona kitu. Siku ya pili hakuona kitu, na mumewe akamuuliza kwa upole kama wanafuga panya. Siku ya tatu akakuta kila punje imetoa uzi mweupe, mwembamba kama unywele wa mtoto mchanga. Alikaa chini akautazama muda mrefu. Kisha akauanika juani hadi ukakauka vizuri, akausaga, akapata kimea chake mwenyewe.

Lakini mkono wake ulikuwa umezoea pakiti. Alipika uji wa mahindi, na ulipokuwa bado unatokota jikoni akatia kimea chote mara moja, maana ndivyo alivyozoea: maji ya moto, kukoroga, basi. Kesho yake uji ulikuwa mzito vilevile, hauna utamu wowote. Jirani yake, Mama Ditriki, akaja kuonja. Akainua mwiko, na uji ukaning'inia.

"Shoga, hii togwa au gundi ya fundi viatu?"

Leonsia akajaribu kucheka, akashindwa. Mama Ditriki alipoona hivyo alikaa kigodani, akavuta bakuli, akala ile gundi kwa kijiko mpaka mwisho kana kwamba ameandaliwa karamu. Alipomaliza akauliza, "Maji ya kumwogeshea mtoto unayapimaje?"

"Natia kiwiko, dada. Yakiniunguza, nasubiri."

"Basi na kimea nacho ni kichanga. Umekiunguza. Subiri."

Leonsia alianza upya, tangu kuloweka. Siku nyingine nane. Katika siku hizo baba aliendelea kuletewa ya pakiti, na mpera ukaendelea kunyweshwa. Safari hii alipoipua uji aliuweka kando, akamnyonyesha mtoto, akafagia uwanja, akarudi akagusa sufuria kwa kiwiko, akaondoka tena. Uji ulipokuwa vuguvugu akatia kimea, akakoroga polepole. Ukalegea mbele ya macho yake, ukawa mwepesi. Akaufunika kwenye mtungi ulale.

Siku iliyofuata alionja peke yake. Ilikuwa tamu, yenye ukali kidogo. Akafumba macho, akaitafuta ladha ya mama yake, akaitafuta tena. Haikuwemo. Ulezi wa mama ulitoka shamba jingine, maji yake kisima kingine, na mkono wake ulikuwa chini ya udongo. Leonsia akalia mbele ya mtungi kama aliyefiwa jana. Hata hivyo alijaza kikombe, akampelekea baba yake, kwa kuwa hakuwa na kingine cha kumpa.

Mzee alipiga funda moja. Leonsia hakuingia ndani.

"Hii siyo ya mama yako," mzee alisema.

"Najua, Baba. Nisamehe."

Mzee alikunywa tena, na tena, hadi kikombe kikasimama wima kinywani pake. Akapangusa midomo kwa kiganja, kisha akamnyooshea binti yake kikombe kitupu.

"Nimekunywa ya mama yako miaka arobaini na mbili, naijua. Hii ni yako. Ongeza."

Nanyi mnaolilia imani ya mama zenu, kama Leonsia alivyolilia togwa ya mama yake, imani yenu wenyewe mtailoweka lini?